Tupeane uzoefu: faili ulilotuma likakuponza, au likakuokoa

Katibu wa Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili maana limeniumiza. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, wengi wetu tunauza dagaa pale Mwaloni. Nilichapa katiba yetu kwa Word, kurasa 14, nikairusha kwenye grupu la WhatsApp ili kila mtu aisome kabla ya mkutano. Siku yenyewe kila mmoja kaja na yake. Kwa huyu kifungu cha 9 kipo ukurasa wa 6, kwa yule ukurasa wa 8. Mama mmoja, mwaminifu kabisa, aliifungua kwenye simu, kidole kikafuta sifuri bila yeye kujua, simu ikahifadhi. Riba ya asilimia 10 ikawa asilimia 1, na alishawarushia wenzake watatu. Kelele zilikuwa nyingi, akaonekana kama kagushi. Mama wa watu alilia mbele yetu. Nyie wenzangu mnatuma nyaraka kwa fomati gani, na yapi yamewakuta?

Stesheneri Malimbe
Pole sana, katibu. Mfikishie mama naye pole zetu. Nina stesheneri huku Malimbe jirani na chuo, na hilo la kurasa kuhama naliona kila msimu wa ripoti. Faili la Word kwa kawaida halibebi fonti, yaani muundo wa herufi, linabeba jina lake tu. Mashine yangu ikikosa fonti uliyotumia, inaweka nyingine. Herufi zikinenepa kidogo, mstari unasukuma mstari, aya inavuka ukurasa, na orodha ya yaliyomo haisemi kweli tena. PDF inazifungasha fonti humo humo. Adobe waliitoa mwaka 1993 kwa kazi hiyo hasa, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, ndiyo maana inafunguka kwenye programu za watu wengine pia.

Dada mmoja alinijia saa kumi na moja jioni, ripoti inatakiwa kesho yake asubuhi, kurasa 92, kwenye flashi ana Word tu. Alipoona majedwali yamekatika katikati alikaa chini kwenye benchi, hana la kusema. Tulitoka dukani saa nne usiku. Tangu siku hiyo nimebandika karatasi mlangoni: njoo na zote mbili, PDF ya kuprinti na Word ya kurekebisha.

Vifaa Buzuruga
Naheshimu mchango wa hapo juu, ila PDF si dawa ya kila ugonjwa. Nauza vifaa vya ujenzi. Mteja alinitumia orodha ya vifaa mistari 130 kwa PDF, anataka nijaze bei. Najaza wapi? Nikakaa kuichapa upya usiku kucha, na kwenye uchovu nondo za milimita 16 nikaziandika 12. Bei ikatoka ndogo, nikapata kazi, nikaila hasara mwenyewe kwa sababu nilishatoa neno langu. Mtu anayetakiwa kujaza mpe Excel. Ukishamaliza kupanga bei, hapo ndipo uigeuze PDF umrudishie, asije akabadilisha mtu njiani.

Na mkihamisha namba za simu kwa CSV, lile faili la maandishi matupu ambalo safu zake zinatenganishwa kwa mkato, kuweni makini: Excel ikiifungua inachukulia kuwa ni hesabu, inakata ile sifuri ya mwanzo. 07 inabaki 7. Iingizeni safu hiyo kama maandishi.

Mwalimu Nansio
Nafundisha Ukerewe. Nilikuwa napiga picha kurasa za daftari langu, nazikusanya kuwa PDF, nawatumia wazazi. Faili moja MB 38. Mzazi mmoja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, bando langu la wiki limeishia kwenye somo moja." Niliona aibu. Somo lile lile nikalichapa, likatoka KB 210. Siku hizi nachapa, na ukurasa nauweka mdogo, nusu ya A4, herufi kubwa, ili mtoto asivute kioo kushoto na kulia kila mstari.

Mama wa Nyakato
Langu fupi. Cheti cha mwanangu nilikituma WhatsApp kama picha ya kawaida, muhuri ukafifia, wakakikataa. Niliporudia kupitia kitufe cha Hati kilifika kama kilivyo.

Igoma
Mimi sioni, simu ndiyo inanisomea. Mkishauriana PDF, mjue PDF ziko mbili. Ile iliyotoka kwenye Word moja kwa moja inasomeka. Ile iliyoskaniwa ni picha tu, simu yangu inanyamaza au inataja namba ya ukurasa basi. Nilitumiwa tangazo la kazi la namna hiyo, nikamngoja mdogo wangu arudi kutoka kazini anisomee, na muda wa kuomba ulikuwa umeisha saa tisa. Kabla hujatuma, jaribu kuyagusa maneno uyanakili. Yakikubali kunakilika, na mimi nitasoma.

Katibu wa Kirumba
Asanteni sana, nimepokea. Kaka wa Igoma, hilo lako sikuwa nalijua kabisa, na kwenye kikundi tuna mzee ambaye macho yamemwishia. Nilikuwa nimeshaskani katiba yenye saini. Hiyo itabaki kwenye kabrasha. Leo nimetuma PDF iliyotoka kwenye Word, jina la faili lina tarehe, na Word yenyewe tunayo mimi na mwenyekiti tu. Mama yetu nimempigia simu mbele ya mwenyekiti, tumemwomba radhi. Kaka, nimekutumia PM nakala, naomba uisikilize.

Igoma
Nimeisikiliza yote, vifungu 22, inasomeka. Shida ipo kwenye jedwali la faini: inataja makosa yote kwanza, halafu viwango vyote mwisho, sijui kipi ni cha kuchelewa na kipi ni cha kutohudhuria. Yaandike kwa sentensi, kila kosa na faini yake, halafu nitumie tena. Nipo macho mpaka saa tano.