Madaktari wa watoto, siliaki hamuijui au hamtaki kuipima?

Wakuu, leo nina hasira juu ya siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, mniache niseme.

Mwanangu alikuwa anakua vizuri mpaka tulipomwanzishia vyakula. Kadi ya kliniki ipo: mstari wa uzito unapanda, unalala, unashuka. Tumbo limejaa, mapaja yamekwisha, matako yamebaki ngozi, choo kingi chenye harufu kali. Hospitali wakatoa dawa ya minyoo. Tukarudi, wakasema amiba, Flagyl. Mara taifodi, mara UTI. Damu ikashuka, akaandikiwa dawa ya kuongeza damu, akanywa yote na damu haikupanda. Hakuna aliyejiuliza hiyo dawa inapotelea wapi!

Mwishowe tukapelekwa kitengo cha lishe. Mke wangu akahojiwa kama mtu anayemnyima mtoto chakula, kisha akapewa ushauri: uji wa lishe. Mahindi, ulezi, soya, karanga na NGANO. Jamani, ngano ndiyo iliyokuwa inammaliza! Mtoto mwenye siliaki akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, kinga ya mwili wake inageuka kuushambulia utumbo mwembamba. Vinyweleo vya kufyonza chakula vinaharibika. Unamlisha, naye anazidi kukonda.

Nilipoutaja ugonjwa wenyewe nikajibiwa, "Huo ni wa Wazungu." Nani kasema? Watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi, Waafrika hawa, walipopimwa miaka ya 1990 walikutwa nao zaidi ya 5 katika kila 100, kiwango kinachoipita Ulaya. Na daktari Mholanzi Willem Dicke alishaeleza habari ya ngano kufikia 1950. Siyo jambo la jana hili.

Kilichonichoma zaidi ni daktari mwingine aliyetuambia tumwachishe ngano kwanza, kipimo baadaye. Kipimo cha damu kinatafuta antibodi, yaani protini za kinga ya mwili, na mtoto akiacha ngano zinapungua, majibu yanaweza kutoka safi wakati mgonjwa ni mgonjwa. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa ameanza kucheka na kunenepa ikabidi arudishiwe mkate, aharishe upya, ili tu apimike. Mzazi gani anavumilia kuangalia hilo? Kipimo chenyewe kinaitwa tTG-IgA, kinaambatana na kipimo cha IgA ya jumla (IgA ni aina mojawapo ya antibodi), kwa sababu mwenye IgA ndogo anaweza kupata majibu ya uongo kwamba ni mzima. Hayo nimeyasoma mwenyewe usiku, nikayapeleka kwa daktari nimeyaandika kwenye karatasi.

Majibu yalipotoka tukaambiwa "asile mkate", basi. Tambi je? Semolina, ambayo nayo ni ngano? Mashine ya mtaani inayosaga ngano halafu mahindi yetu papo hapo? Kimya. Na chakula tunacho tele: ugali, wali, mihogo, ndizi, viazi, mtama. Tulichokosa ni mtu wa kutueleza.

Sasa madaktari wa watoto mliomo humu nijibuni. Mtoto anaharisha haponi, hakui, damu haipandi hata kwa dawa: kwa nini siliaki haimo kwenye orodha yenu ya kuulizia? Wenye kisukari cha aina ya kwanza, wenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada), ambao hatari yao inajulikana kuwa kubwa, mnawapima? Na wazazi ambao watoto wenu wamemeza dawa za minyoo mpaka basi, hebu semeni mliambiwa nini.