Kubadilisha plagi za gari: kujifanyia mwenyewe au kumwachia fundi, ipi inachukua muda mfupi?

MgeniWaBoneti
Wakuu, gari langu lina silinda nne, kila plagi ina koili yake ya umeme juu. Limeanza kumisi, injini inakatakata. Fundi mmoja anataka nimwachie kutwa nzima, mwingine anasema nusu saa. Nimwamini nani? Au nifanye mwenyewe?

Soketi16
Wa nusu saa hajakudanganya. Mimi mara ya kwanza nilitumia saa moja na nusu, siku hizi dakika 40. Unachomoa waya wa koili, unafungua bolti yake, unavuta koili, unaingiza soketi ya plagi. Kinachokula muda ni kusubiri injini ipoe, na hapo usiwe na haraka. Hedi (kichwa cha injini, plagi zinapofungwa) nyingi ni za aluminiamu. Ukilazimisha plagi ikiwa bado ya moto, inaweza kutoka na nyuzi za hedi.

FundiDada
Mimi ni fundi. Muda unategemea plagi zimekaa wapi. V6 (silinda sita, tatu kila upande) iliyolazwa kwa upana wa gari, zile tatu za mbele ni kazi ya dakika 20. Za nyuma zimejibana upande wa kabini, mara nyingi chini ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini). Ikibidi kuivua, hesabu saa mbili hadi nne, pamoja na gasketi mpya. Subaru plagi zinatazama ubavuni, kwa hiyo betri na boksi la hewa hutoka kwanza. Honda Fit yenye injini ya i-DSI ina plagi 8. Watu hununua nne wakakwama katikati ya kazi. Huyo wa kutwa nzima muulize kama ana foleni ya magari.

Kilomita_Laki
Linganisha na aina ya plagi pia. Za nikeli watu hubadilisha kila kilomita 30,000 hadi 50,000, iridiamu nyingi hufika 100,000. Kwenye silinda nne kurudia si taabu. Kwenye V6 ya FundiDada, mimi siweki nikeli kabisa.

Soketi16
Sawa mkuu, ila aangalie kwanza kitabu cha gari kinataka ipi.

FundiDada
Kabla ya kufungua, puliza vumbi shimoni lisidondokee ndani ya silinda. Plagi mpya anza kuizungusha kwa vidole, soketi ikiwa kwenye ekstensheni bila mpini. Ikigoma, itoe uanze upya. Yenye washa (ile pete ya chuma shingoni), ikishagusa ongeza kama nusu mzunguko. Isiyo na washa, kidogo mno: sehemu moja ya 16 ya mzunguko. Hapo ndipo wengi wanaharibu hedi.

MgeniWaBoneti
Nimemaliza jioni hii, dakika 55. Asanteni sana! Ila shimo la tatu lilikuwa na oili, koili imelowa.

FundiDada
Hongera. Hiyo oili inatoka juu, gasketi ya kava ya tapeti (kile kifuniko cha juu ya injini). Futa koili vizuri, kisha ubadilishe gasketi kabla hujaihukumu koili.