Siku ya urafiki Katuna na Gatuna: tuanzie wapi ili isife viongozi wakikosana?

KigeziMoja:
Salaam wazee na wenzangu. Kikundi chetu hapa Kabale, Uganda, kina wauza viazi na mboga, waendesha bodaboda na timu ya mpira ya vijana. Tumekubaliana na wenzetu wa Gicumbi, Rwanda, tuwe na siku ya urafiki mara mbili kwa mwaka, moja kwetu na moja kwao. Asubuhi soko, mchana mpira, kisha tule pamoja. Tunategemea watu 60, nusu kwa nusu.

Mpaka wetu, Katuna upande wa Uganda na Gatuna upande wa Rwanda, ulifungwa mwisho wa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Watu wa Katuna wana wakwe, wajomba na mashemeji ng'ambo ya pili, na miaka yote hiyo wengi walipata habari za msiba kwa simu tu. Tunatamani sana urafiki huu ushike mizizi. Naomba anayejua taratibu atueleze: karatasi gani, bidhaa gani, na nini huwa kinaharibu shughuli kama hizi?

WakalaMpakani:
Ndugu KigeziMoja, hongereni. Nianze na watu. Tangu Januari 2014 raia wa Uganda, Rwanda na Kenya wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, pasipoti si lazima. Kila mtu aangalie tarehe ya mwisho ya ndagamuntu yake, yaani kitambulisho hicho, wiki tatu kabla, si asubuhi ya safari. Picha ya kitambulisho kwenye simu haitoshi. Hapo ni kituo cha pamoja: anayekwenda Rwanda anahudumiwa Gatuna na maafisa wa nchi zote mbili, anayekuja Uganda anahudumiwa Katuna. Msiruke dirisha la kwanza kwa kuwa mstari ni mrefu. Usipogongewa kutoka, kurudi kwako kutakuwa na maswali.

Sasa bidhaa, na hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Mnakipata kwa afisa wa forodha palepale mpakani, bila wakala wa kulipwa, mradi bidhaa imelimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyobandikwa. Kosa la kawaida ni hili: wachuuzi 15 wanachanga lori moja, wanaandikisha mzigo wote kwa jina la mwenyekiti, thamani inapita dola 2,000, na cheti rahisi hakifai tena. Mnaanza kutafuta wakala wa forodha saa tano mchana huku mboga zinanyauka. Lori liwe moja, sawa, lakini kila mchuuzi aandikishe magunia yake mwenyewe, na jina lake liandikwe kwa wino kwenye kila gunia.

Cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha tu. Ukaguzi wa mimea uko palepale, kwa hiyo kwa viazi, maharage na mbegu mwoneni mapema mkaguzi wa Wizara ya Kilimo. Mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Yanikwe kwenye turubai. Yakianikwa kwenye udongo mtupu yanavuta unyevu usiku na kuvu inaanza hapo.

Vitu vya kuacha nyumbani kabisa: kavera, yaani mifuko ya plastiki, maana Rwanda imeipiga marufuku tangu 2008, fungasheni kwa vikapu na mifuko ya karatasi. Mitumba pia iacheni, ilipandishiwa ushuru Rwanda mwaka 2016 na cheti rahisi hakiihusu. Na waragi ya kienyeji, ambayo kule huitwa kanyanga, inahesabiwa pamoja na dawa za kulevya. Mtu mmoja akikutwa na nusu lita, siku yenu imekwisha na mwaliko wa pili hautakuja.

MwalimuWaRukiga:
Asante Wakala. Niongeze kalenda na saa, kwa sababu mambo haya yamevuruga mikutano mizuri tu.

Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Mkiandika "saa nne asubuhi" bila kusema ya wapi, wenzenu watafika saa tano yenu na mtadhani wamewadharau. Kwenye kila mwaliko andikeni zote mbili: saa nne Uganda, saa tatu Rwanda.

Msichague Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Asubuhi ile Wanyarwanda wako kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na shughuli nyingine husimama. Wiki ya tarehe 7 hadi 13 Aprili ni ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Msiwaze hata kupendekeza muziki au mpira wiki hiyo, na hadi tarehe 4 Julai waulizeni kwanza wenyeji. Mimi ningechukua Jumamosi ya pili ya Agosti na ya pili ya Januari, mvua kubwa za milimani zinakuwa zimepungua.

Kuhusu mpira, nawasihi: msicheze Uganda dhidi ya Rwanda. Rafu moja dakika ya 80 na uwanja mzima unageuka kuwa ubalozi uliofungwa. Changanyeni. Kila timu iwe na wachezaji sita wa upande mmoja na watano wa upande wa pili, golikipa na beki wa kati watoke nchi tofauti ili walazimike kuitana kwa majina. Vipindi viwili vya dakika 30 vinatosha kwa timu zisizozoeana. Jezi zisiwe na rangi za chama, na nguo za mabakamabaka ya kijeshi zisionekane kabisa.

KisoroDaima:
Nakubaliana na hayo yote, lakini ssebo, swali lako kubwa lilikuwa "isife". Hapo karatasi za forodha hazitoshi.

Mpaka huu ulichorwa na Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji mwaka 1910, ukapita katikati ya mashamba na koo. Watu hawakuwahi kuwa maadui. Ugomvi ulikuwa wa juu: majeshi yetu mawili yalipigana Kisangani, katika ardhi ya Kongo, Juni 2000, na kuelekea 2019 kila serikali ikaituhumu nyingine kwa ujasusi na kuwasaidia waasi. Marais Museveni na Kagame walitia saini makubaliano Luanda, Angola, tarehe 21 Agosti 2019, wakakutana tena mpakani hapohapo Februari 2020, na bado ikachukua karibu miaka miwili hadi lango kufunguliwa. Saini peke yake haikufungua mpaka.

Kwa hiyo jengeni kitu ambacho ofisi za chini zinakijua wakati wa utulivu. Upande wetu barua ipite kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha RDC (mwakilishi wa rais wilayani) na mkuu wa polisi wa wilaya, wiki nne kabla, ikiwa na orodha ya majina na namba za vitambulisho. Upande wao wenzenu waanzie akagari (ngazi ya chini), umurenge (tarafa), hadi akarere (wilaya). Nakala zibadilishane: RDC apate ya kwao, akarere ipate ya kwenu. Hofu ya ujasusi hulishwa na mkusanyiko usioelezwa. Msipige picha askari wala majengo ya mpakani.

Na lango likifungwa, mtu yeyote asipite njia za panya ili "kuokoa urafiki". Katika kufungwa kule kuna waliopigwa risasi kwenye njia hizo. Siku hiyo ihamie kwenye simu, kila upande ukutane kwake saa ileile.

KigeziMoja:
Nawashukuru mno. Swali moja: je, tuwaalike viongozi wahutubie?

KisoroDaima:
Waalikeni, wakae, wale. Wakiona wenyewe, ni vigumu kuambiwa uongo kuhusu ninyi baadaye.

MwalimuWaRukiga:
Hapo natofautiana kidogo. Hotuba moja kutoka kila upande, dakika tano, kabla ya chakula. Zikizidi, gazeti litachukua sentensi moja kali na kuacha bushera (kinywaji cha mtama) na viazi vyote mlivyokula pamoja.

WakalaMpakani:
Jambo la gari, nimelisahau. Rwanda wanaendesha kulia. Dereva wa lori awe aliyezoea, awe na kadi ya njano ya bima ya COMESA, na aingie mchana. Bodaboda ziacheni Katuna, mvuke kwa miguu.