Ameniita majina yote matatu mbele ya watu!!!

Ndoano_Butu:
Jamani naandika mkono unatetemeka. Yule bwana wa kofia, mnamjua, msinilazimishe kumtaja. Miaka minne niko kwenye kikundi cha wavuvi wa mshipi naitwa Ndoano Butu. Naweka picha ya mputa, watu wanasifu, maisha yanaenda. Leo naweka picha ya samaki niliyemtoa Jinja JANA, yeye anajibu "Hongera sana" halafu majina yangu matatu. MATATU! La baba, la babu, na lile la ubatizo ambalo hata mwenyekiti wangu wa mtaa, wa LC, halijui. Mke wangu alilisikia siku ya harusi tu, akacheka.

Na jana ilikuwa Jumatatu. Bosi wangu yumo humo kikundini. Jana nilikuwa na malaria.

Eti kanuni mpya, kila mtu jina la kitambulisho, "tuheshimiane". Heshima gani hiyo ya kuniita kama karani wa mahakama anaita kesi? Samaki mwenyewe hapa Uganda ni mputa, Kenya ni mbuta, Tanzania ni sangara, nani aliwahi kumdai kitambulisho? Majina matatu, mfululizo, na hongera juu!

Matatu banange.

Mama_Mukene:
Pole ssebo. Hiyo malaria ilikuwa na mapezi? 😂

Boda_Mstaafu:
La ubatizo ni lipi? Litaje tukasirike pamoja.

Ndoano_Butu:
Nyamaza wewe.

Mzee_wa_Gati:
Mwanangu, picha nimeiona. Huyo mputa hafiki inchi 20. Kisheria alitakiwa arudi majini. Kumbe jina la bandia lina kazi yake.

Ndoano_Butu:
Mzee, nilimpiga picha kwa mbali! Tusitoke kwenye mada. Majina MATATU.

Niko_Uholanzi:
Leo ndiyo anataka ukweli? Facebook ilipofungwa Januari 2021 huyo huyo wa kofia aliingia kwa VPN akionekana yuko Uholanzi. Sote tulikuwa Uholanzi. Hakuna aliyevaa koti.

Mama_Mukene:
Usinikumbushe. Kabla ya hapo ilikuwa kodi, shilingi 200 kila siku ndipo uingie WhatsApp. Nililipa nikaangalie samaki wa watu wengine.

Mzee_wa_Gati:
Afadhali hiyo 200. Bando langu la jana limemalizwa na shemeji, ujumbe wa sauti dakika saba, na zote ni salamu.

Boda_Mstaafu:
Wa sauti ndefu ndio wa kufukuzwa, mzee. Wenye majina bandia waacheni.

Niko_Uholanzi:
Na wale wa "asubuhi njema" yenye maua.

Ndoano_Butu:
Jamani uzi ni wangu. Bosi anapiga simu sasa hivi. Nipokee?

Mama_Mukene:
Maua si kitu. Yakija na video ya kwaya ndipo bando linakata roho.