Filamu kukatika kabla ya uamuzi: ni ujasiri au ni kukwepa?

Wadau wa filamu, hebu tulijadili hili bila kuogopana. Tangu A House of Dynamite ya Kathryn Bigelow ianze kuonyeshwa Netflix Oktoba 2025, wapenzi wa filamu za kusisimua tumegawanyika. Kuna wanaosema mwisho ule ni dharau kwa mtazamaji: umebana pumzi, kombora la nyuklia linakaribia Chicago, halafu picha inakatika. Na kuna wanaowajibu kwamba wanaolalamika wamezoea kutafuniwa kila kitu. Mimi naona pande zote mbili zinagombania jambo ambalo si lenyewe. Nitataja miisho ya filamu nne, kwa hiyo ambaye hajaziona na asingependa kuharibiwa utamu aishie hapa.

Msimamo wangu ni huu. Mwongozaji ana ruhusa ya kunificha matokeo. Ana ruhusa hata ya kunificha muuaji. Asichokuwa na haki ya kunificha ni uamuzi wa mhusika ambaye hadithi nzima imejengwa ili tumsubiri aamue.

Chukueni Anatomy of a Fall ya Justine Triet, iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2023. Mwanamume anaanguka kutoka juu ya nyumba yake milimani karibu na Grenoble, Ufaransa, anakufa, na mkewe Sandra anashtakiwa kwa mauaji. Filamu ina saa mbili na nusu, na inakwisha hujui kama alisukumwa, alijirusha au ilikuwa ajali. Nimesikia wengi wakiishia hapo: "Sasa nani alifanya?" Lakini mtazameni Daniel, mtoto wao mwenye uoni hafifu. Mahakamani inachezwa rekodi ya ugomvi wa wazazi wake, uliotokea siku moja kabla ya kifo. Triet anatupeleka hadi nyumbani kwao tuwaone wakirushiana maneno, na pale ugomvi unapogeuka vishindo, anaturudisha mahakamani na kutuachia sauti tupu. Kuanzia hapo tunajua kile tu anachokijua Daniel. Vishindo vilevile, na kila upande wa kesi una tafsiri yake.

Halafu mlezi aliyewekwa na mahakama anamweleza kwamba mtu akikosa ushahidi wa kumtosha, inabidi aamue mwenyewe cha kuamini. Na mtoto anaamua. Anarudi kutoa ushahidi, anasimulia maneno aliyowahi kuambiwa na baba yake ndani ya gari. Tunamwona baba anaongea, midomo inacheza, lakini sauti inayosikika ni ya Daniel. Kwangu hicho ndicho kipande bora kabisa cha filamu za miaka hii. Inawezekana anakumbuka, inawezekana anatunga, lakini amechagua, na tumemwona akichagua. Mama anaachiwa huru. Ukweli wa lile anguko umebaki gizani na sikuhisi kudhulumiwa hata kidogo, kwa sababu hadithi ilishahama kutoka kwa marehemu ikaja kwa mtoto, na ya mtoto imekamilika.

Wanaodai kwamba filamu ya mauaji bila jina la muuaji ni kazi nusu, nawakumbusha Memories of Murder ya Bong Joon-ho. Si ya juzi, ni ya 2003, ila inalijibu dai hilo kuliko maneno yangu. Imetokana na mauaji ya kweli ya wanawake kule Hwaseong, Korea Kusini, kati ya 1986 na 1991. Wakati inatengenezwa muuaji alikuwa hajulikani, na filamu inamwacha hivyohivyo. Mwaka 2019 vinasaba vikamfichua: mtu ambaye tayari alikuwa gerezani kwa kumuua shemeji yake. Leo jina linajulikana. Itazameni tena mniambie kama kuna sekunde moja iliyopwaya. Mimi sikuiona, kwa sababu uzito wake uko kwenye mvua pale mdomoni mwa handaki, mpelelezi anapomkazia macho mshukiwa, anashindwa kusoma chochote usoni mwake, na anamwachia aende zake.

Juror #2 ya Clint Eastwood, aliyoitoa 2024 akiwa na miaka 94, nayo inakatika ghafla. Kijana anaitwa kuwa mmoja wa raia wanaosikiliza kesi ya mauaji, na kadiri ushahidi unavyotolewa anatambua kwamba huenda yeye ndiye aliyemgonga marehemu kwa gari usiku wa mvua, akadhani amegonga mnyama, paa. Ananyamaza. Asiye na hatia anafungwa maisha. Mwishoni mlango unagongwa, ni mwendesha mashtaka, wanatazamana, basi. Hatujui atamkamata au la. Ila yule kijana ameshachagua kunyamaza, na mwanamke yule kwa kuja tu mlangoni ameshachagua kutonyamaza. Mengine yaliyobaki ni ya polisi.

Sasa turudi kwa Bigelow. Dakika zilezile chache zinasimuliwa mara tatu, kila mara tukipanda ngazi ya madaraka. Awamu ya kwanza imenishika koo kweli. Makombora mawili ya kulidungua lile la adui yanarushwa kutoka Alaska, moja linakorofisha, la pili linakosa shabaha, na chumba kizima kinakuwa kimya. Waziri wa ulinzi ana binti yake Chicago. Anampigia, hamwambii kitu, kisha anajirusha kutoka juu ya jengo. Yule nilimwelewa mpaka mwisho, kwa sababu filamu haikumkimbia.

Ngazi ya tatu ni rais, anayechezwa na Idris Elba. Anampigia mkewe aliyeko Kenya kwenye shughuli za tembo, simu inakatika. Anatakiwa aamue kama atalipiza na kwa kiasi gani. Afisa aliyebeba kitabu cha mipango ya mashambulizi hayo anamweleza kwamba yeye huitofautisha kama nyama inavyoiva: mbichi kidogo, ya wastani, iliyoiva kabisa. Sentensi hiyo inatisha kuliko mlipuko wowote. Rais anashika kitabu, anaanza kusoma namba zake za utambulisho, na filamu inamwacha hapo, inatupeleka Alaska na kwa watu wanaoingia handakini.

Nimesoma utetezi kwamba tumeachiwa sisi tuamue. Siukubali. Hakuna mtazamaji mwenye mamlaka hayo, na filamu yenyewe imetumia karibu saa mbili kutuonyesha kwamba amepewa mtu mmoja tu, asiye na muda wala taarifa. Wengine wanasema angeonyesha uamuzi, tungebishana kama rais alikosea, tukasahau mfumo wenyewe. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Lakini ubishi huo ndio ungetuonyesha ubaya wa mfumo: yeyote atakayechagua, akichagua chochote, anachagua gizani. Chicago ilipuke au isilipuke, hilo lingeweza kubaki siri na nisingelalamika. Mlipuko sikuuhitaji. Nilihitaji sentensi moja kutoka kinywani mwa Elba.

Anayeutetea mwisho ule anijibu hili: tungemsikia rais akitaja chaguo lake, kisha picha ikakatika kabla ya kombora kufika, ni kitu gani cha thamani tungekuwa tumekipoteza?