COBOL kwenye z/OS (mfumo wa kompyuta kubwa za IBM): OPEN inatoa 00 (imefaulu), faili tupu. Msaada wakuu

Kibuyu: Wakuu, nimekwama na Jumatatu tunaenda laivu. Programu ya zamani ilikuwa na kadi za DD 12 (mistari ya JCL, maelekezo ya kuendesha kazi, inayounganisha jina la faili na dataseti), moja kwa kila tawi. Nimezifuta, imebaki SELECT moja, ASSIGN TO MAUZO, na jina la dataseti nalipanga ndani ya programu kwa PUTENV (inaweka kigeu cha mazingira): MAUZO=DSN(TAWI01.MAUZO),SHR. PUTENV inarudisha 0, OPEN 00, READ ya kwanza 10, yaani mwisho wa faili! Rekodi zipo, nimeziona kwenye skrini za ISPF.

Mzee wa Batch: Maandishi ya PUTENV umeyafunga na X'00' (baiti ya sifuri) mwishoni? Halafu kijana, ujue unachokiacha. Dataseti ikishikwa na kazi nyingine, kadi ya DD kwenye JCL inakufanya usubiri. Ukiipanga ndani ya programu, inagoma papo hapo.

Pwagu: Tumia BPXWDYN, programu ya IBM ya kupanga dataseti, inakupa namba ya kosa. 1708 haipo kwenye katalogi, 0210 imeshikwa na mwingine. Ila pokea jibu kwa RETURNING ya S9(9) COMP, baiti 4. RETURN-CODE ya COBOL ni S9(4), baiti 2, inakata nusu yenye kosa lenyewe.

Kibuyu: Shikamoo mzee. X'00' ipo. BPXWDYN hapana, kwenye programu tumepitishiwa PUTENV tu.

Nyundo: Chai hii. PUTENV ikiwa na jina bovu, OPEN inatoa 98. Bila DD wala PUTENV, OPEN ya kusoma inatoa 35. Wewe una 00 kisha 10, yaani kuna kitu kimefunguka na si dataseti yako. Au ni swali la intavyuu umelivalisha kanzu. Weka JCL yote.

Chapati2: Mods, leteni sukari.

Kibuyu: Si chai! Kuna mstari mmoja tu sikuutaja: //MAUZO DD DUMMY. Kikaguzi chetu cha JCL kinautaka. DUMMY haina madhara.

Nyundo: Haina madhara wapi! COBOL ikikuta DD ya jina hilo imeshapangwa, PUTENV haiangaliwi kabisa. DUMMY inafunguka vizuri, na READ ya kwanza ni mwisho wa faili.

Kibuyu: Kuitoa siwezi, JCL imeshafungwa.

Nyundo: Basi iache. Weka ASSIGN TO MAUZOTW, na PUTENV ianze na MAUZOTW=, herufi kubwa zote, kisha kompaili. Kila tawi: CLOSE, PUTENV mpya, OPEN. Dataseti ya zamani inaachiwa yenyewe.

Mzee wa Batch: Marahaba. Na uweke DISPLAY ya jina la dataseti kabla ya kila OPEN. Ikigoma saa nane usiku, mtu wa zamu hatalikuta kwenye JCL.