Naombeni ushauri, najifunza Kihispania kwa salsa za kuachwa
Wakuu habarini, hasa mnaojua Kihispania naombeni msaada. Napenda mno salsa romántica, yaani salsa za mapenzi, ile iliyotamba Puerto Rico na New York miaka ya 80 na 90, kina Eddie Santiago, Frankie Ruiz, Jerry Rivera mpaka Marc Anthony, nikaona badala ya kukariri orodha ya maneno bora nijifunze humo humo maana kiitikio kinarudiwa weee mpaka neno linakaa lenyewe. Na kweli yameingia, olvidar (kusahau), llorar (kulia), engaño (udanganyifu), despedida (kuagana), hata uniamshe usiku wa manane nakutajia, shida ni kwamba yote ni ya kusalitiwa na kulia, nikitaka kuuliza bei ya nyanya au basi linaondoka saa ngapi sina hata neno.

Kingine matamshi, hawa wa Puerto Rico wanameza s, kwenye maandishi naona está masikioni nasikia ehtá, sasa niwaige hivyo hivyo au nianze na lafudhi nyingine? Halafu kuna zile si hubiera za kujutia, yaani ningejua nisingekuacha, zimejaa kila wimbo ila vitabu vya wanaoanza havizigusi kabisa.

Kuziacha nyimbo sitaki kwa kweli, ndizo zinanifungulisha daftari kila jioni. Niongezee nini pembeni ili nipate maneno ya kila siku? Na waimbaji gani wengine wanatamka vizuri kama Gilberto Santa Rosa, huyo angalau namfuata mstari kwa mstari.